Klabu Iliyokosa Marehemu

Jumatatu, 7 Oktoba

Mkutano wa Klabu ya Kujitolea Rusimbi. Waliofika: mimi Mwenyekiti, katibu wangu Spesiosa, ambaye huja ili ahesabu wasiokuja, na mbuzi wa jirani. Mbuzi alikaa hadi mwisho. Ajenda: kuzibua mtaro wa sokoni kabla mvua hazijakolea. Mzee Leodgar, mratibu wetu wa mkoa, anakuja Jumamosi. Asipokuta wanachama kazini, anaifunga klabu. Spesiosa kasema labda tatizo ni uongozi. Wivu! Miaka sita nimekalia kiti hiki. Kwingine kote mimi ni Nehemia tu, mume wa Regina muuza dagaa. Hapa naitwa Mwenyekiti. Kiti sikitoi.

Jumatano, 9 Oktoba

Mbinu mpya: chai na maandazi. Hamasa huanzia tumboni! Nilitangaza kwenye kundi la simu, wakaja, tena wengi, hata wasio wanachama. Wakanywa. Wakala. Nilipotamka neno mtaro, mmoja akakumbuka mgongo wake, mwingine akakumbuka mgonjwa wake Ujiji, wa tatu hakukumbuka kitu, akaondoka tu na andazi la kumpelekea mtoto. Spesiosa akaniuliza kama mtaro nitauzibua kwa vikombe. Kiongozi habishani na katibu.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nilikwenda msibani Kasingirima. Nikakuta nini? Wanachama wangu wote! Yule wa mgongo anapasua kuni. Yule wa mgonjwa kabeba sufuria la watu hamsini. Wanaume wamekuja na majembe ya kuchimbia kaburi, na hakuna aliyeuliza posho. Nikasimama palepale msibani nikitabasamu, mpaka mfiwa akanitazama vibaya. Nimeelewa! Klabu yangu haijakosa hamasa. Imekosa marehemu.

Nimeazima turubai la kanisani. Sitasema uongo hata neno moja. Nitakaa tu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Regina alipokwenda mwaloni, wanakoshusha wavuvi, kununua dagaa, nikafunga turubai uani, nikatandika mikeka, nikakoka moto wa gogo. Kisha nikakaa, nimeshika tama. Haikuchukua muda! Kila aliyeniambia pole nilimjibu asante. Huo si uongo. Mwenyekiti wa klabu hii anastahili pole. Kufika saa tatu ua ulikuwa hautoshi. Kina mama wanasonga ugali, wanaume wamekuja na majembe. Mzee Leodgar akaingia, akavua kofia, akasema hajawahi kuona tawi lenye mshikamano namna hii. Moyo ulinidunda kwa raha.

Ndipo Regina akarudi. Akaona turubai. Akatupa beseni zima la dagaa, akalia mama yangu, mama yangu! Maana mama yake, kule Kidahwe, amekuwa akiumwa miguu. Watu wote wakaangua kilio. Nikafungua kinywa nieleze, lakini kwa kelele zile nani angenisikia?

Ikaja bodaboda. Juu yake mama mkwe, mzima kabisa, analia jina langu! Kumbe mtu alimpigia simu kwamba kwa Nehemia kuna msiba, naye akajua aliyekufa ni mimi. Walioamini kwamba marehemu ni yeye wakakimbilia nyuma ya choo. Nikampa shikamoo. Aliponiona naongea, akanyamaza, tena haraka kuliko nilivyotarajia. Baiskeli yangu alikuwa ameshamwahidi shemeji.

Spesiosa akauliza nani basi amekufa. Nikaona nafasi yangu ndiyo hii. Nikasimama nikatangaza kwamba marehemu ni mtaro wetu wa sokoni. Nilitegemea makofi. Yule wa mgongo akanyanyua jembe, akinitazama mimi. Spesiosa akamzuia. Akasema majembe yameshatoka nyumbani, hayawezi kurudi makavu. Ugali watakula wakitoka mtaroni. Wakamfuata wote.

Jioni maji yalikuwa yanatiririka kuelekea ziwani. Mzee Leodgar akasema klabu haifungwi, ila akauliza nani aiongoze. Mikono yote ikanyooshwa kwa Spesiosa, ukiwemo wa Regina. Machozi yalinitoka. Nikasingizia moshi.

Jumanne, 15 Oktoba

Regina haongei nami. Mama mkwe kasema harudi Kidahwe mpaka aelewe mimi ni mtu wa namna gani. Sokoni wananiita Marehemu. Inauma, siwezi kuficha. Spesiosa anaitwa Mwenyekiti mbele yangu, naye anaitika!

Lakini nimekaa nikachambua, na kosa nimelipata. Mbinu ilikuwa sahihi. Msiba ndio mbaya, unawatia watu huzuni. Kinachowakusanya watu kwa moyo mweupe ni harusi! Nikiwaletea harusi, kiti changu kinarudi siku hiyohiyo.

Mama mkwe ni mjane. Mzee Leodgar ni mgane, na Jumamosi alirudisha sahani yake mara mbili ili mjane huyo ampakulie. Turubai bado ninalo. Nimeshatangaza kwenye kundi: Jumamosi hii, kwangu, waje na masufuria. Wote wamejibu watafika, Spesiosa wa kwanza.

Wamebaki wawili tu ambao sijawaarifu.