Mafuta ya Sangara na Pumzi za Jumapili

Jumatatu, 9 Juni 2025

Limi anaondoka. Nimesikia leo kwenye mashine ya mpunga ninakofanya ukarani, vumbi la pumba likinikwaruza koo: amepata kazi jikoni, mgodini Bugarama, anaanza wiki ijayo. Jumapili hii ndiyo joging yake ya mwisho na kundi letu la Nyahanga. Nasema letu. Mimi huwashikia mabegi.

Kabla ya kukimbia Limi hujitenga nyuma ya gari la kundi, hujifunika uso kwa mtandio, hutulia. Mcha Mungu. Kisha anatangulia akiimbisha, nami nabaki na mabegi. Nikikimbia, kifua hufunga kama duka lenye msiba. Daktari alinipa pampu ya pumu, akasema nivute kabla ya mazoezi. Nimeificha kwenye soksi. Mwanamume atavutaje pampu mbele ya Limi?

Jumapili nitakimbia naye bega kwa bega, na nitamwambia yaliyo moyoni. Asipojua, atakwenda Bugarama akinikumbuka kwa mabegi.

Jumanne, 10 Juni

Nimesoma kwenye simu. Watafiti waliwapa wanariadha wenye pumu ya mazoezi mafuta ya samaki, wiki kadhaa, na baadhi wakapumua vizuri zaidi. Chini wameandika kwamba watu walikuwa wachache, uchunguzi zaidi unahitajika, na mtu asiache dawa zake. Mimi ni mtu makini, nimesoma hadi mwisho. Nimechukua ya juu.

Vidonge vya mafuta hayo viko duka la dawa la Mama Doto, shangazi yake Limi. Nimeingia, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza naumwa nini. Nikasema sikio. Nimetoka na pamba.

Jumatano, 11 Juni

Samaki ni samaki. Rebeka wa sokoni anauza mafuta ya sangara, yale ya kukaangia, kwenye chupa za maji. Akauliza nakaanga nini. Nikasema maandazi. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mwanangu, oa."

Wiki kadhaa sina. Kwa hiyo, badala ya kijiko, kikombe. Asubuhi na jioni.

Alhamisi, 12 Juni

Nanuka. Paka wa mwenye nyumba wangu amenisindikiza hadi kazini. Makoye, mpakiaji wa magunia, ambaye kila Jumapili hukimbia pembeni ya Limi bila hata kuhema, aliingia ofisini akarudi mlangoni: "Karani, hapa tunakoboa mpunga au tunapara sangara?" Feisal, mnunuzi wa mchele kutoka Tanga, akamwambia aniache, Msukuma akila samaki siku moja anataka wilaya nzima ijue.

Limi alikuja kuaga. Nilijifungia stoo. Nilimsikia akiuliza karani yuko wapi. Akauliza tena. Sauti ile nimekaa nayo kutwa, katikati ya magunia.

Ijumaa, 13 Juni

Tumbo. Sitaandika zaidi. Ila nimekwenda chooni mbio tangu alfajiri na kifua hakikubana. Mafuta yanafanya kazi.

Jumapili, 15 Juni

Nimekimbia. Hadi kona ya kwanza nilikuwa naye bega kwa bega, Makoye nyuma. Limi alinusa, akacheka, akasema leo kuna mtu kala vizuri. Nikafungua mdomo nimwambie. Ikatoka filimbi ya kifua tu. Nikaketi barabarani. Makoye akanipepea kwa kofia yake, akiniita ndugu yangu, na hakucheka.

Limi akarudi. Akachomoa kitu kwenye mtandio. Pampu. Ya bluu kama yangu. Akanivutisha, mkono wake mgongoni, akisema taratibu, taratibu. Pumzi zikarudi kidogo kidogo. Nilitamani zichelewe.

Akauliza yangu iko wapi. Nikasema kwenye soksi. Akatazama miguu yangu. Nikasema soksi ya nyumbani.

Kumbe ana pumu tangu darasa la tatu. Huvuta nyuma ya gari kila Jumapili. "Nyie mlidhani nafanya nini pale?" Nikasema, unasali. Alicheka hadi akaketi na yeye. Kisha akasema Bugarama nako wanakimbia, siku moja niende. "Ila uje na pampu, Abel." Hakusema karani.

Jumatatu, 16 Juni

Ameondoka na gari la asubuhi. Kwa Kisukuma limi ni jua. Leo limewaka kutwa nzima na halikunisaidia.

Bugarama nitakwenda. Nimefikiri kwa makini na kosa nimeliona: sangara ni wa ziwani. Wale watafiti bila shaka walimaanisha wa baharini. Feisal anasema kwao kuna mafuta ya papa, yanaitwa sifa, hupakwa vyombo vya baharini visivuje. Alikuwa anacheka, lakini hoja ni hoja: yanayoshinda bahari yatashindwa na kifua changu? Ameahidi kuniletea dumu.

Pampu nimeifunga vizuri ndani ya soksi isije ikapotea. Bugarama nitaingia na sifa tu.