Popote Palipo Jina la Mwenyekiti

Idara ya Uratibu wa Nafasi Wazi, Kisumu, ina fahari kuutangazia umma kwamba kuanzia mwaka huu wa 1992 hakuna tena mwananchi atakayejaziwa jina lake kwa kalamu. Kalamu ni mambo ya ukoloni. Sasa tuna kompyuta.

Mimi ndiye Katibu wa Kamati. Natoa taarifa hii kwa sababu mjini kuna watu ambao midomo yao haina breki, wanaeneza kwamba ofisi yetu ilifanya kichekesho. Hakuna kichekesho kilichofanyika. Kila hatua ilijadiliwa, ikapitishwa, ikaandikwa kwenye kumbukumbu, na chai ikanywewa.

Kompyuta ilifika mwezi wa tatu. Tuliifunika kitambaa cheupe alichofuma mke wa Mwenyekiti, tukaiacha wiki mbili izoee hewa ya ziwa. Ndipo mpiga chapa wetu, Lornah Nekoye, akatueleza inavyofanya kazi. Unaandika barua moja tu. Pale panapotakiwa jina la mwananchi unaweka alama. Mashine ikifika kwenye alama inaiondoa na kuweka jina la kwanza katika orodha. Barua ya pili inaweka jina la pili, hivyo hivyo mpaka orodha iishe.

"Alama gani?" aliuliza Mwenyekiti wetu, Bwana Joram Wakoli.

"Yoyote, Mzee. Mkubaliane tu."

Tukubaliane! Mama wa watoto watatu, na bado hajui serikali inavyokubaliana. Iliundwa kamati siku hiyo hiyo.

Kazi ya kwanza ya mashine ilikuwa barua za wauza samaki sitini na wawili wa soko jipya la kando ya ziwa. Amri ilikuwa imetoka: Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa sita buldoza lingepita sokoni, na kibanda kisicho na barua kingelala chini. Orodha ya majina ilitoka Nairobi ikiwa na lakiri, haiguswi na mtu. Ilibaki alama tu.

Mama Seline Ouma alikuwa na kibanda namba saba, pale langoni, ambapo hakuna anayeingia sokoni bila kukipita. Alikuwa mjane, na aliuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki kiwandani baada ya mnofu kupanda ndege kwenda Ulaya. Aliikaanga, akaiuza, akasomesha watoto wanne. Alifika ofisini siku ya kwanza kabisa, akakaa kwenye benchi la kungojea.

"Bwana Katibu, barua yangu iko tayari?"

"Mama, kamati inaketi."

"Inaketi mpaka lini, yawa? Mimi sitaki mambo mingi. Andika Seline, andika Ouma, niende. Mafuta yangu iko kwa moto."

"Rudi Ijumaa."

Alirudi Ijumaa, na Ijumaa nyingine, na nyingine. Ijumaa ya tatu alituletea mgongo wazi uliokaangwa ukakauka vizuri, umefungwa kwa gazeti. Kamati iliupokea kama kielelezo, ikaula.

Watu husema tulichelewa. Hebu na wao wajaribu! Nukta nukta zilikataliwa mara moja kwa sababu zinaonyesha serikali haina uhakika. Nyota ni ya hoteli. Alama ya dola ilileta swali la nani ametupa kibali cha fedha za kigeni, na mweka hazina akatoka nje kupunga hewa. Alama ya asilimia ndiyo ilitutia jasho kabisa.

"Hapo tutaulizwa ni asilimia ngapi," alisema mjumbe Shitanda, "na ni ya nani."

Ikafutwa hata kwenye kumbukumbu.

Lornah akapendekeza mabano yaliyopinda, mawili kulia na mawili kushoto. Mwaka huu ukiinua vidole viwili barabarani wewe ni wa upinzani, ukiinua kimoja wewe ni wa serikali.

"Mawili mawili?" Mwenyekiti aliuliza polepole. "Lornah, nani amekutuma?"

"Hakuna, Mzee. Ni vile tu mtu hawezi kuyaandika kwa bahati mbaya. Alama nzuri ni ile ambayo hautaihitaji kwa kitu ingine."

Maneno ya kiufundi kama hayo ndiyo huvuruga mikutano.

Wiki ya sita, Bwana Wakoli alisimama, akavuta suruali juu ya kitambi, akatoa uamuzi wa busara. Alama itakuwa jina lake. Ni nini kinachojulikana na kila mtu katika idara hii? Ni nini hakiwezi kuchanganywa na hoteli wala upinzani? Tuliandika Kanuni ya Kwanza: "Popote palipo JORAM WAKOLI, mashine iondoe na iweke mwananchi." Tulipiga makofi. Mimi nilipiga hadi viganja vikauma, na sioni haya kusema.

"Na siku tukitaka kuandika Joram Wakoli mwenyewe?" Lornah aliuliza.

"Siku hiyo mashine itanijua," alijibu Mwenyekiti.

Kanuni ya Pili ilisema barua iliyotoka kwenye mashine ikapigwa muhuri haiwezi kuguswa kwa kalamu na yeyote, awe mkubwa au mdogo. Kanuni ya Tatu ilisema kanuni hizi haziwezi kubadilishwa ila Mwenyekiti aite kikao. Zote alizitunga mwenyewe.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo watu hulitaja kwa kicheko. Alhamisi kabla ya buldoza, Mwenyekiti alimpa Lornah maandishi ya pekee ya kibanda namba saba. Yeye si mtu wa tamaa. Alikuwa tu amepita langoni mara kadhaa, akaona kwamba pale pangefaa duka la soda na friji, na kwamba mwenye friji angekuwa yeye.

Lornah aliyasoma. Nilimwona amekaza midomo. Mama Seline alikuwa palepale nje, kwenye benchi, kikapu mapajani.

"Mzee, hapa niandike jina lako?"

"Andika. Herufi kubwa."

"Vile Kanuni inasema?"

"Lornah! Unataka nikuimbie? Vile Kanuni inasema!"

"Sawa, Mzee."

Mashine ilinguruma siku nzima. Mwenyekiti alitia sahihi zote sitini na mbili huku akibishana na muuza friji kwenye simu, wala hakutazama chini. Mimi nilipiga muhuri. Ya namba saba niliisoma yote kabla ya kumkabidhi Mama Seline. Ilisema hivi:

"Kibanda namba saba, kilichokuwa cha Seline Ouma, kuanzia leo ni cha SELINE OUMA. Seline Ouma anaamriwa aondoke mara moja ampishe SELINE OUMA, ambaye asisumbuliwe na mtu yeyote. Wako katika ujenzi wa taifa, SELINE OUMA, Mwenyekiti."

Sikuona tatizo. Barua zetu nyingi ziko hivyo.

Jumatatu asubuhi Bwana Wakoli alifika sokoni na fundi, futi ya kupimia na friji juu ya mkokoteni. Buldoza lilikuwa limeshawashwa. Mama Seline alikuwa amesimama ndani ya kibanda, barua ameishika kwa mikono miwili. Koplo wa askari aliisoma mara mbili, akapiga saluti.

"Mwenye kibanda ni huyu mama," alisema. "Anapaswa kuondoka, ajipishe mwenyewe."

Mama Seline alimtazama, akatazama barua. Akatoka kibandani hatua tatu, akasimama kidogo, akarudi ndani.

"Tayari," alisema. Akawasha jiko.

"Upuuzi!" Mwenyekiti alifoka. "Mimi ndiye Mwenyekiti!"

"Pole, mzee. Mwenyekiti pia ni yeye, ameandikwa hapa chini."

"Hata mimi ni Mwenyekiti," alisema muuza omena wa namba nane, akiinua yake.

"Na mimi, omera, ndugu yangu!" alidakia mwingine.

Sitini na wawili waliinua barua. Dereva wa buldoza alizima mtambo akaagiza chai. Koplo akamgeukia Bwana Wakoli kwa heshima kubwa.

"Wewe peke yako ndiye sioni barua yako. Una kitu cha kuonyesha wewe ni nani?"

Alirudi ofisini mbio, kola imeloa, akaamuru barua ya utambulisho. Lornah aliandika vile Kanuni inasema: "Tunathibitisha kwamba aliyebeba barua hii ni JORAM WAKOLI, na tunamfahamu vizuri sana." Mashine ikaondoa alama, ikaenda kwenye orodha kutafuta jina linalofuata. Orodha ilikuwa imekwisha.

"Tunathibitisha kwamba aliyebeba barua hii ni              , na tunamfahamu vizuri sana."

Niligonga muhuri.

"Oduor," aliniambia, "chukua kalamu. Niandike hapo."

Nilimheshimu sana mtu huyu. Iliniuma. Lakini Kanuni ya Pili anaijua, na niliwaza pia ni mara ngapi niliambiwa niandike jina moja tu, Seline Ouma, na kalamu ilikuwa mfukoni mwangu muda wote.

"Mzee, mpaka kikao kibadilishe Kanuni."

"Basi naita kikao!"

"Kikao huitwa na Mwenyekiti. Wenyeviti wako sokoni wanakaanga samaki."

Nilimwonyesha benchi la kungojea. Alikaa, karatasi mapajani.

"Rudi Ijumaa," nilimwambia.