Majeraha Yaliyokidhi Vigezo

Serikali sikivu, baada ya kutafakari kwa kina na kunywa chai kwa muda mrefu, ilitangaza kwamba kuanzia sasa kila askari wa zimamoto atakayeumia au kufa akiwa kazini atavikwa Nishani ya Jeraha Tukufu. Shaba kwa aliyechubuka, fedha kwa aliyevunjika, dhahabu kwa aliyekufa. Tangazo lilisomwa redioni asubuhi, likarudiwa mchana kwa ajili ya waliokuwa wamelala, na jioni likapigiwa bendi.

Fundi viatu wa karibu na stendi alilisikia akiwa na misumari mdomoni. Akaitema yote. Mkewe alikuwa mzimamoto. Alikufa ndani ya ghala la rangi, paa lilipomwangukia akimsukuma mlinzi nje. Mlinzi alipona, yuko hai, anakula na kukohoa kama watu wengine.

Fundi hakuitaka dhahabu. Ya serikali, alijua, ingekuwa bati lililopakwa rangi. Alitaka kitu kimoja tu: idara iseme mbele za watu kwamba mkewe alikufa kazini. Maana mpaka siku ile idara ilikuwa inakataa katakata, na mama mkwe, aliyekuja msibani akagoma kuondoka, alikuwa akimwuliza kila jioni, "Wamesema?" Fundi akijibu bado, bibi wa watu anageukia ukutani.

Basi akafunga kibanda, akavaa shati lake la mazishi, akaenda makao makuu.

Kamati ya Kuhakiki Majeraha ilikuwa inakaa chumba chenye kiyoyozi na zulia. Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Idara mwenyewe, ambaye vijana wake walimwita Kibiriti, kwa sababu aliwaka haraka na kuzimika papo hapo. Pembeni yake alikaa katibu. Wa tatu alikuwa mtunza stoo, aliyeteuliwa kuwa Mtaalamu wa Vipimo kwa kuwa rula ilikuwa yake.

Fundi aliwakuta kazi imepamba moto. Mkuu alikuwa amenyoosha kidole, mtunza stoo amekiinamia na rula.

"Imekatwa na nini, mzee?"

"Karatasi."

"Karatasi ya nyumbani au ya serikali?"

"Ya serikali. Ina nembo."

"Basi ni kazini. Fedha."

Kisha katibu akatoa ulimi, uliokuwa umeungua chai katikati ya kikao. Rula ikaingia mdomoni, ikatoka, ikafutwa kwa leso. Fedha nyingine. Ndipo wakamwona mgeni.

"Karibu, baba," alisema katibu, kwa tabu kidogo. "Umeumia wapi?"

"Mimi sijaumia. Mke wangu amekufa."

"Pole sana. Umekuja naye?"

"Amezikwa."

Katibu akatikisa kichwa kwa huzuni ya kiofisi. "Hapo ndipo penye changamoto. Mwombaji anatakiwa afike mwenyewe, apimwe."

"Nimfukue?"

"Hapana, hapana. Kufukua ni idara nyingine."

Mkuu akaingilia kati, maana alikuwa mtu wa watu. "Sikiliza, ndugu yangu. Mwaka huu ni Mwaka wa Vifo Sifuri. Niliutangaza mimi kwa mdomo wangu. Sasa mtu atakufaje kazini ndani ya mwaka wa vifo sifuri? Huo ni utovu wa nidhamu. Ndiyo maana, kwa huruma tu, zamu ya marehemu tuliisitisha dakika moja kabla paa halijaanguka."

"Mliisitisha lini?"

"Wiki iliyofuata."

"Sasa yeye angejuaje?"

"Hakujua. Ndiyo maana hatukumpa onyo."

"Kwa hiyo paa linaanguka, yeye alikuwa nani?"

"Raia wa kawaida, aliyeingia ghala la watu bila ruhusa. Na hilo nalo tumelifumbia macho, mzee. Tunajali utu."

 Fundi alikuwa ameshafungua mdomo amwage yote, Mkuu alipomtazama upya, kama mtu anayetazama kiti kilichovunjika na kukumbuka kuwa gundi ipo.

"Katibu, kwenye ratiba ya sherehe tuna mtu wa kulia?"

"Hatuna, mzee."

"Nishani za jeraha bila mtu wa kulia! Mgeni rasmi atadhani amekuja harusini."

"Tulitaka mjane, mzee. Huyu ni mgane."

"Mgane halii?"

Wote watatu wakamgeukia fundi. "Inategemea," alisema fundi.

"Hebu jaribu kidogo," alisema Mkuu.

"Hapa hapa siwezi."

"Hata jicho moja," alibembeleza mtunza stoo, akimsogelea na rula.

Wakakubaliana. Atapanda jukwaani, atapewa leso, atalia kwa kiasi, atasema "Asante serikali," atashuka. Habari za ghala asizitaje kabisa. Fundi alikubali upesi mno, hata Mkuu akajisifu kwa katibu kwamba watu hawa ukiwaelimisha wanaelewa.

Sherehe ilifanyika kwenye uwanja wa mazoezi wa kikosi, na fundi akaja na mama mkwe. Wazimamoto walipangwa juani, nyuma kabisa. Mmoja wao alikuwa na kovu la moto kuanzia kiganjani hadi begani, lakini kamati ilishindwa kumhakiki kwa kuwa kovu lilikuwa refu kuliko rula. Mbele, chini ya turubai, walikaa waliokidhi vigezo: Mkuu mkono umening'inizwa shingoni kwa ajili ya kidole, katibu taya limezungushiwa bandeji, na mtunza stoo kwa magongo, kwa sababu rula ilimwangukia kwenye ukucha akiwa kwenye utekelezaji.

"Shemeji," dereva wa gari la zimamoto alimnong'oneza fundi, "utalia kweli?"

"Sijui."

"Ukilia na mimi nalia, nakwambia kabisa. Tusije tukaaibishana."

Mgeni rasmi alikuwa mama mmoja mheshimiwa aliyependa kupigiwa makofi kuliko chakula. Aliwavika nishani wale watatu, bendi ikapiga, kisha mshereheshaji akamwita mtu wa kulia.

Fundi alipanda, akapokea leso, akaitia mfukoni, akashika kipaza sauti.

"Asante serikali."

Makofi. Katibu akampungia mkono ashuke. Fundi akawa kama hamwoni.

"Mheshimiwa, nimewatazama hawa mashujaa wetu. Yule mkono, yule taya, yule mguu. Watu wenye moyo wa kuumia namna hii wanafichwaje ofisini? Kwa niaba ya wananchi naomba wapewe gari la kwanza. Moto ukitokea popote, wao watangulie!"

Uwanja ulilipuka. Wazimamoto wa nyuma walishangilia mpaka kofia zikawatoka. Mheshimiwa, ambaye hakuwahi kuyaacha makofi yapite bila yeye kuwemo, akasimama wima.

"Naagiza! Na iwe kuanzia sasa hivi! Wapande gari!"

Mkuu aliruka, akaunyakua ule mkono kutoka shingoni, akautumia kumpokonya fundi kipaza sauti. "Mheshimiwa, haiwezekani!"

"Kwa nini?"

"Huko kuna hatari!"

"Si ndiyo maana nimekuvika nishani?"

"Mheshimiwa, huko watu wanakufa!"

 Mpiga ngoma wa bendi alikishika kijiti hewani.

"Wanakufa? Wewe si uliniambia vifo ni sifuri?"

"Sifuri ya ofisini, mheshimiwa! Kazini wanakufa!"

"Usinitishe bure. Nani amekufa? Mtaje!"

Na Kibiriti, ili kuiokoa ngozi yake, akataja. Alilitaja jina la mke wa fundi, la baba yake na la babu yake, pamoja na cheo, na spika zote za uwanja zikalirudia. Alitaja ghala la rangi. Alitaja mlinzi.

"Alikuwa zamu?" aliuliza mheshimiwa.

"Zamu, mheshimiwa, haki ya Mungu! Katikati ya zamu!"

"Na gari la maji lilikuwa wapi?"

Mkuu akatazama viatu vyake. "Kwangu. Linamwagilia nyasi."

Katika viti vya wageni, mama mkwe alisimama taratibu, akamshika bega jirani yake asiyemjua. "Wamesema," alimwambia, kana kwamba mwenzake alikuwa kiziwi. "Umesikia? Wamesema." Dereva alikuwa tayari analia, tena bila kumsubiri mtu.

Mheshimiwa alingoja makofi. Hayakuja. Akakohoa.

"Nimekuelewa vizuri sana," alimwambia Mkuu. "Kumbe kazi hii ni ya hatari kubwa. Inahitaji mashujaa. Panda gari."

Wakapanda, mmoja na taya lake, mmoja na magongo yake, na Mkuu mbele. Dereva akamtwika kofia ya kazi, lakini mzee akauzungusha mkanda wake mara tatu, akashindwa kuufunga. Fundi akasogea, akaushika kwa vidole vyake vilivyozoea ngozi, akaufunga polepole chini ya kidevu.

"Inua shingo kidogo, mzee," alisema. "Mke wangu alikuwa akisema, kofia isiyofungwa ni sufuria tu."