Tangazo la Barua Mpya na Jipu Langu

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa ofisi katangaza kwamba nafasi ya msimamizi wa kompyuta iko wazi. Ijumaa anataja mtu. Tuko wawili tu, mimi na mwenzangu tunayemwita Miwani. Miwani ana bidii. Mimi nina akili.

Watu wanalalamika kuwa barua pepe zinalala kwenye seva na wao hawana habari. Basi nitawawekea tangazo: mtu akiingia tu kwenye kompyuta, skrini imwambie barua mpya zimetoka kwa nani na zinahusu nini. Miwani kashauri tulijaribu kwanza kwa mtu mmoja, siku mbili tatu. Wivu huo!

Nimemwandikia mjomba pia. Nimemwomba amwandikie Mkuu, ajifanye mteja asiyenijua, anisifu. Mjomba ana kalamu tamu.

Jumanne, 4 Machi
Tangazo limekubali! Nimelijaribu kwa sanduku langu la barua, likatoa barua zangu zote, chwee! Nikalinakili kama lilivyo kwenye faili la wote, lile ambalo seva hulisoma kila mtu anapoingia. Wenzangu likawagomea, eti hawana ruhusa ya kufungua sanduku. Ruhusa tu? Nimewapa wote. Kazi imekwisha, nimekwenda kunywa chai.

Jumatano, 5 Machi
Mhasibu kaniuliza kama jipu langu limepona. Nimeduwaa. Habari za jipu nilimwambia dada tu, naye akanijibu kwa barua pepe. Karani wa stoo kanishauri nikalie mto. Mama wa mapokezi kanipa pole na kuuliza liko upande gani. Ofisi ina wambea hii! Namshuku Miwani.

Alhamisi, 6 Machi
Mungu wangu. Nimelifungua lile faili. Palipotakiwa sanduku la kila anayeingia, nimeacha jina langu. Ofisi nzima ikiingia inaonyeshwa barua zangu!

Sijamaliza hata kusahihisha, Mkuu kaniita. Mjomba alikuwa amejibu asubuhi. Kichwa cha barua: "Mwanangu, huyo mteja asiyekujua nimwite nani?" Mkuu aliingia kwenye kompyuta yake saa hiyohiyo.

Hakufoka. Bora angefoka.

"Msalimie mjomba," kasema. "Mwambie asijisumbue."

Nilitaka ardhi ipasuke inimeze. Nafasi niliyoiota tangu mwaka juzi!

Ijumaa, 7 Machi
Kapewa Miwani. Watu wamepiga makofi, hata mimi, kidogo. Baadaye kaja mezani kwangu, mpole kweli, akaniomba nilisahihishe faili mwenyewe ili nisionekane vibaya. Kaniamini! Ama kweli sikio la kufa halisikii dawa.

Nimetoa jina langu. Nikaandika lake. Sanduku lake nikalifungulia ruhusa. Sasa na wasome za kwake, tuone nani ana majipu!

Nimeingia kujaribu. Ya kwanza kabisa imetoka kwa Mkuu kwenda kwa Miwani: "Mwenzako akiligusa tena faili la wote, afungashe virago."

Mhasibu naye kaingia kwenye kompyuta yake. Kageuka, kanitazama. Karani wa stoo naye. Mama wa mapokezi kaja hadi mlangoni kunipa pole.

Hawana adabu kabisa. Barua ya Miwani hiyo, wao wanaisomea nini?