Suti Moja Alala Dirishani

Tapeli mmoja aliitwa Suti Moja, kwa sababu alikuwa nayo moja na ndiyo iliyomlisha. Siku moja aliingia kliniki ya meno kujikinga na jua. Kiyoyozi kilimpendeza, akakaa kwenye benchi kama mgonjwa mstaarabu, masikio yakiwa kazini.

Mlango wa ndani ulikuwa nusu wazi. Daktari wa meno alikuwa akizungumza na muuza vitanda mnene aliyejulikana mtaani kwa jina la Bwana Magodoro.

"Meno yako yamelika kwa kusagana, na koo limebana. Mkeo anasema unakoroma, halafu pumzi inakatika. Nenda kwanza kwa daktari wa usingizi akupime. Ukifaa, nitakutengenezea kifaa cha kuvaa mdomoni ukilala. Kinavuta taya la chini mbele, hewa inapita."

"Mambo ya kupimana ya nini? Nipe tu hicho kifaa."

"Si kandambili hiyo, mzee. Kinatengenezwa kufuata mdomo wako."

Suti Moja hakungoja zaidi. Alipitia duka la michezo, akanunua mipira ya mdomoni wanayovaa mabondia, akaitia kwenye vikasha vya pete. Jioni haijafika, alikuwa dukani mbele ya Bwana Magodoro.

"Mzee, foleni za nini? Kifaa chenyewe hiki hapa. Unavaa leo, unalala leo."

Bwana Magodoro alipenda vitu vya rahisi kuliko pumzi yake mwenyewe. Lakini alikuwa mfanyabiashara, hanunui kitu bila kukijaribu.

"Vaa wewe. Lala pale nione."

"Mimi?"

"Kwani kinang'ata?"

Suti Moja akavaa mpira mmoja, akapanda kitanda cha bei kubwa kuliko vyote, kile cha dirishani. Mpango ulikuwa afumbe macho kidogo, apumue kitoto, aamke achukue chake. Bahati mbaya, huyu bwana alikuwa na tabia ya kusinzia hata katikati ya uongo wake mwenyewe, na siku zote alidhani ni uchovu wa kazi. Kichwa kiligusa mto, akaondoka duniani. Mpira ukamtoka mdomoni, mkoromo ukatetemesha kioo.

Wapita njia wakasimama. "Godoro gani hilo linaangusha mtu mchana kweupe?"

"Karibu, dada!" Bwana Magodoro akadaka. "Huyo aliingia kuuliza bei tu!"

Magodoro yakatoka kama yanagawiwa bure. Aliyekosa kucheka ni mke wa Bwana Magodoro. Alisimama kando ya kitanda. Mkoromo ulikuwa umenyamaza ghafla. Kifua kinahangaika, hewa haipiti. Kisha Suti Moja akavuta pumzi kama mtu aliyeopolewa majini, bila hata kuamka.

"Baba watoto, njoo uone. Hivi ndivyo unavyonifanyia mimi. Nakaa nakutazama, sijui kama utarudi."

Bwana Magodoro akatazama. Kicheko kikamkauka.

Suti Moja alipoamka, alipewa kazi: kulala dirishani, kwa mshahara. Nusura alibusu godoro. Matapeli wote wa mji walikuwa wakiota kazi ya namna hiyo.

"Atalala," mke akasema, "ila kwanza mtapimwa nyote wawili. Sitaki maiti dukani kwangu."

Wakapimwa. Ugonjwa wa Bwana Magodoro ulikuwa mzito, akapewa mashine ya kumpulizia hewa puani. Wa Suti Moja ulikuwa wa wastani. Daktari wa meno akachukua umbo la meno yake, akamtengenezea kifaa, akawa anakirekebisha kidogo kidogo mpaka mkoromo ukaisha. Gharama ikakatwa kwenye mshahara. Mtu aliyezoea kuuzia watu hewa sasa akawa anainunua.

Asubuhi moja akapanda kitandani, akajinyoosha. Watu wakajaa nje. Macho yake yaling'aa kama taa za gari.

"Lala!" Bwana Magodoro alinong'ona kwa hasira.

"Ndiyo nalala, bosi."

"Unakonyeza wateja!"

Mteja mmoja akatikisa kichwa. "Godoro lenyewe hata mtu wa kulipwa linamshinda," akasema, akaenda zake, na wengine wakamfuata.

"Umeniharibia biashara!" Bwana Magodoro akafoka. "Toka!"

"Mkeo ndiye aliyenitibu!"

Lakini alishatolewa. Akasimama barabarani na suti yake, kichwa chepesi, mwili una nguvu, mchana mzima uko mbele yake. Usingizi ulikuwa umekwisha, na kisingizio cha kukwepa kazi ya jasho nacho.