Uji wa Mavuno Unaoishia kwa Waonjaji

Kwa Mzee Clement,
Mwenyekiti, Kamati ya Sherehe ya Mavuno,
Kigangoni kwetu.

Mzee wangu, shikamoo. Pole na baridi hii ya Julai. Mimi ni Felista, mke wa Emilian, yule aliyejifungua wakati wa palizi. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mahali unisamehe, nia yangu ni njema. Nalalamikia ule uji wa uwele wenye tangawizi, pilipili manga na asali, tunaoupika kila mwaka asubuhi ya misa ya mavuno ili wazazi wenye watoto wachanga wapate joto na maziwa yashuke.

1. Desturi tuliyoikuta ni kwamba aliyepika hunywa funda moja mbele ya watu, wajue hakuna baya ndani. Kamati mkatuonea huruma, mkasema hatari hiyo mtaibeba nyinyi wanaume. Tunashukuru kwa ushujaa. Ila mwaka jana Mzee Yeremia alijitoa mhanga kwa kile kikombe cha bati cha kuchotea maji. Hakufa. Akarudia, ili ahakikishe kwamba kweli hakufa.

2. Usalama ulipothibitika mkaingia kwenye ladha. Mzee Antipasi akasema tangawizi bado. Tukaongeza. Wewe mwenyewe ukasema sasa asali imezidiwa. Tukaongeza asali, na wote ikabidi muanze kuonja upya, eti huu sasa ni uji mwingine. Mwalimu Stanley, katibu, akasema hawezi kuandika muhtasari wa kitu asichokielewa. Kuelewa kwake kulimaliza bakuli zima.

3. Mwisho mkatangaza kwamba uji ni mzuri, hauna kasoro. Wazazi wakakomba ukoko, upepo unawapiga mgongoni, watoto wanalia. Catherine, mwenye mapacha, alipewa maji yaliyosuuziwa sufuria. Akaambiwa anuse vizuri, tangawizi bado imo.

4. Kwa kuwa mmeamua kutupokea mzigo, jamani msiupokee nusu. Njooni mtwange uwele, mchote maji, mkae na moshi. Na kwa kuwa uji wa kuleta maziwa mmeunywa nyinyi, watoto tutawaleta kwenye benchi la kamati wakati wa mahubiri, muwanyonyeshe. Zamu ya kwanza tumempa Mzee Yeremia.

Kama hilo ni gumu, basi naomba dogo tu: mwaka huu mpishi anywe funda lake moja, kisha sufuria iende moja kwa moja kwa wazazi. Magdalena wangu hajaona sherehe tangu azaliwe. Natamani siku hiyo ashibe, alale mgongoni kwangu bila kulia. Naamini utanisikia, maana hata wewe Mzee ulinyonya.

Nisalimie Mama hapo nyumbani, wajukuu, na kamati nzima kwa afya zao zinazopendeza.

Mwanao mtiifu,
Felista (Mama Magdalena),
Kinyangiri.

N.B. Nilipika sufuria ndogo ili Emilian akuletee pamoja na barua hii, uone mwenyewe kwamba funda moja linatosha. Nikaonja, si ndiyo desturi. Tangawizi ilikuwa bado. Nikaongeza, basi ikabidi nianze upya. Magdalena amenyonya, amelala fofofo. Emilian anakuletea barua tu. Kama kuna nafasi kwenye kamati, Mzee wangu, mnifikirie, na mtoto ahesabiwe mjumbe. Kikombe nitakuja nacho. Ni kikubwa kuliko cha Mzee Yeremia.