Chai ya Waridi na Ugali Mgongoni

Jamani, leo nimeadhirika. Nimeadhirika mbele ya mama mkwe, mbele ya mjomba mwinjilisti, na mbele ya jirani aliyepanda juu ya ndoo ili aone vizuri.

Mnajua nimeolewa Ugogoni juzijuzi tu, mimi mtoto wa Lushoto. Mama mkwe anakaa Mpwapwa. Si mkali, ila ananipima. Alipokuja mara ya kwanza aliubonyeza ugali wangu kwa kidole, akamuuliza mwanawe kwa upole kabisa, "Huu si mngeunywa kwa kikombe?" Tangu siku hiyo natafuta pa kujikomboa.

Jana Elia (mume wangu, mpole, anakula chochote) akaniambia mama anakuja mjini na kaka yake, mjomba Lameck, na huyo mama mafua yamembana. Mafua! Nikajua Mungu amenikumbuka.

Nyumba tuliyopanga hapa mjini, mtaa wa Area D, ina uzio wa mawaridi, aliuacha mpangaji aliyetutangulia. Maua yameshapukutika, yamebaki vile vitunda vyekundu, vidogo kama nyanya pori. Sasa mimi nilikuwa nimeangalia video ya bibi mmoja wa nchi za baridi. Anachuma vitunda hivyohivyo, anachemsha chai ya mafua, anapika jamu, anatengeneza na sharubati ya watoto. Anasema hata bibi yake alifanya hivyo. Vitamini tele. Nikasema, kama bibi wa kwenye theluji anapona, mama yangu wa Mpwapwa atashindwaje?

Bibi alipofika kwenye "hapa sasa muwe makini sana," bando likakata. (Sikujali. Umakini nimezaliwa nao.)

Leo asubuhi nikachuma bakuli zima. Nikakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, nikatandaza khanga mapajani, nikaanza kuvipasua na kukwangua mbegu. Kumbe ndani mbegu zimevaa manyoya! Manyoya laini, ya rangi ya dhahabu, mazuri hata kuyatazama. Nikawa nayakung'utia kwenye khanga huku naimba.

Vitunda vingine nikachemshia chai, nikaichuja vizuri. Vingine nikapikia jamu. Mlenda tayari. Ugali nikausonga mpaka mwiko ukaomba msamaha. Mara nasikia, "Hodi!"

Khanga! Nitampokeaje mama mkwe mabega wazi? Nikaikung'uta ileile mara moja hewani, nikajitanda, nikatoka mbio kupiga magoti.

"Shikamoo mama! Shikamoo mjomba!"

"Marahaba, mwanangu," akajibu mama kwa sauti ya puani. "Mbukwa."

"Mbukwa, mama!" (Kigogo changu kinaishia hapo, ila alitabasamu. Nikajipa alama.)

Tukakaa mezani. Mjomba akaomba atubarikie chakula. Sasa mjomba Lameck haombei chakula peke yake. Anapitia wagonjwa, wasafiri, mifugo, serikali, halafu mvua. Alipofika kwa wasafiri, shingo ikaanza kuniwasha. Kwa mifugo, mgongo. Nikajisugua taratibu kwenye kiti kama mbuzi kwenye mti, macho nimefumba kwa adabu. Kwa serikali nikashindwa, nikaguna.

"Amina, binti!" mjomba akasema, akapandisha sauti.

Alipofika kwenye mvua niliruka. Niliruka kwelikweli, kiti kikaanguka. Nikawa najikunja, najinyonga, mikono yote mgongoni.

Mama akafumbua jicho moja. "Lameck, mtoto ana kitu."

"Nakiona, dada. Elia, funga mlango!"

"Hapana, mjomba! Nawashwa!"

"Nani anakuwasha?"

"Waridi! Ni waridi!"

Nilikosea hapo. Mjomba alirudi nyuma, uso unang'aa kwa ushindi. "Limejitaja! Linaitwa Waridi!"

"Siyo, mjomba..."

"Waridi, nakuamuru, toka!"

"Nitatokaje na mlango mmefunga?"

"Mnasikia? Linabishana!"

Mama akaanzisha pambio, kila mstari unakatwa na chafya. Elia amesimama kapigwa butwaa, bakuli la mlenda mkononi. Nikasikia ndoo inaburutwa upande wa pili wa ukuta, kisha kichwa cha jirani yetu Mama Juma kikachomoza dirishani kwetu.

"Jirani, kuna msiba?"

"Kuna pepo!" mjomba akamjibu bila kugeuka.

"Makubwa! La wapi?"

"Amekuja nalo kutoka Lushoto!"

(Lushoto, nisameheni. Sikuwa na nafasi ya kuwatetea.)

Mama mkwe akanionea huruma. Akanivua ile khanga mabegani, akanifuta jasho usoni kwa upendo wote. Halafu, maskini, akajifuta na yeye kamasi kwa pindo lake. Pambio likakatika. Akakuna pua. Akakuna kidevu. Akakuna shingo kwa mikono miwili.

"Lameck," akasema kwa woga, "limehamia kwangu."

Mjomba akampokonya khanga ili aitupe nje. Hakufika mlangoni. Alianza kukuna viganja, na kwa mara ya kwanza leo akanyamaza.

Hapo ndipo mama akaiokota khanga kwa ncha za vidole, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Manyoya yakametameta. Akayatazama. Akanitazama.

"Hili si pepo. Hii ni kama upupu."

"Siyo upupu, mama," nikasema nalia. "Ni vitunda vya waridi. Nilikuchemshia chai ya mafua."

Mama Juma akadakia dirishani, "Ahaa!"

Nikakimbilia bafuni, mama akanidaka. "Usijimwagie maji, manyoya yataenea! Usijisugue! Wanaume wote nje! Elia, lete ugali."

"Ugali, mama?"

"Lete!"

Akanilaza kifudifudi kwenye mkeka. Akamega bonge la ugali, akalipoza, akalibandika mgongoni kwangu, akalibandua. Likatoka limejaa manyoya. Akamega lingine. Ndiyo, marafiki. Chakula cha wageni, nilichokipania tangu asubuhi, kimeliwa na mgongo wangu, Mama Juma akielekeza kutoka dirishani: "Hapo kushoto, mama! Chini kidogo! Bado hapo!"

Tuliendelea hivyo mpaka sufuria ikabaki ukoko. Mama akashika bonge la mwisho, akalibonyeza kwa kidole.

"Leo umeusonga," akasema. "Umeshika."

Nililia upya. Ni sifa yake ya kwanza kwangu, na nimeipata nikiwa nimelala kifudifudi.

Wao nao wakajibandika, mama shingoni, mjomba viganjani. Elia akakimbia kununua chapati, tukazila na mlenda (msiulize). Mwishowe mama akaiomba ile chai. Akainusa, akaichuja tena mwenyewe kwa kitambaa chake alichokuja nacho, akaonja.

"Chachu. Kama juisi ya choya iliyochoka."

Akamaliza kikombe, akaomba kingine, pua ikafunguka akaanza kupumua kwa raha. Kisha akauliza kama mti wa waridi unaweza kuota Mpwapwa, maana ana jirani mmoja huko ambaye angependa sana kumzawadia khanga. Tulicheka mpaka mjomba naye akacheka.

Sasa hivi mama amelala. Mjomba yuko nje anayatazama mawaridi, mikono ameiweka mfukoni. Elia amesema anaenda dukani mara moja, lakini namsikia nyuma ya tangi la maji anawapigia ndugu zake, anashindwa hata kumaliza sentensi.

Nyie naomba msicheke. Jamu imejaa chupa nzima, sijaichuja, na kwenu napajua.